Kichezeo Nyuma ya Kioo: Makumbusho na Malezi ya Ubunifu wa Mtoto

Ukikaa saa moja kwenye benchi la ukumbi wa makumbusho unaohifadhi vichezeo vya zamani, utaona jambo linalojirudia karibu kila familia inapoingia. Mzazi husimama mbele ya kabati la kioo na kuanza kusimulia: mwanasesere yule anafanana na aliyekuwa nyumbani kwa bibi, gari lile la bati lilikuwa likitiwa ufunguo linakimbia lenyewe, na nyumba ile ndogo ya mbao alikuwa akiitamani hata usingizini. Mtoto hubandika pua kwenye kioo, huuliza kama kilango cha ile nyumba kinafunguka, na akijibiwa kwamba vitu hivi havishikwi, huachana navyo. Dakika mbili baadaye utamkuta pembeni ameshika kamba ya kupangia foleni, anaitikisa juu na chini, na kamba imekwisha kuwa mawimbi, kisha nyoka, kisha lango la ikulu ambalo mdogo wake hapiti bila kutaja jina. Kichezeo cha thamani kimeshindwa kumchezesha, na kamba ya foleni imempa kazi ya robo saa.

Lugha yetu imeueleza mkasa huu vizuri kuliko wasimamizi wengi wa majumba hayo. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa, na anayekumbushwa sharti awe na jambo aliloliacha nyuma. Mtu mzima analo. Mtoto wa miaka minne hana cha kukumbuka mbele ya gari la bati la miaka mia moja iliyopita. Kwake ni kitu kipya kama vitu vingine vyote, ila kina kasoro moja kubwa, kwamba hakishikiki. Ndiyo maana swali la namna vichezeo vinavyolea ubunifu ni gumu zaidi ndani ya makumbusho kuliko nyumbani au shuleni. Kazi ya makumbusho tangu kale ni kukamilisha maana ya kitu: kukipa jina, tarehe, matumizi na mahali pake pa kudumu. Ubunifu wa mtoto hufanya kazi kinyume chake, kwa kuwa huanzia pale ambapo maana ya kitu haijafungwa.

Kabla ya kwenda mbele, maneno mawili yahitaji kuwekwa sawa. Kiswahili hutumia neno “mchezo” kwa mpira wenye mwamuzi na kanuni, kwa igizo la jukwaani, na kwa mtoto aliyeshika kifuniko cha sufuria akiendesha basi lisiloonekana. Tena tukitaka kusema jambo ni zito tunasema “si mchezo”, kana kwamba mchezo hauna uzito. Ninachozungumzia hapa ni kucheza kwa hiari, kusiko na tuzo mwishoni, ambako mtoto mwenyewe ndiye anayeamua kuanza, kubadilisha kanuni na kuacha. Ama ubunifu, watafiti wengi hukubaliana kwamba una sharti mbili: jambo liwe jipya, na liwe linafaa kwa kusudi lake. Kwa mtoto, upya hupimwa kwa yale aliyokuwa akiyajua yeye. Aliyegundua leo kwamba vitabu viwili vikiegemezwa vinakuwa paa amebuni, hata kama mafundi wamejenga mapaa ya namna hiyo tangu zamani.

Maswali mawili ya mtoto mbele ya kitu kipya

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Corinne Hutt alichapisha utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila anayepanga ukumbi wa watoto angepaswa kuujua. Aliwapa watoto wa shule ya awali boksi jekundu la chuma lenye mkono wa kusukuma, na nchani mwa mkono huo palikuwa na tufe la mbao la rangi ya buluu. Mkono uliposukumwa upande huu au ule, vihesabio vilisogea, kengele ililia, au king’ora kilivuma, kutegemea jinsi boksi lilivyotegwa siku hiyo. Mwanzoni watoto walikuwa makini kabisa: macho na vidole vilikwenda pamoja, na uso haukuwa na mzaha. Walikuwa wakichunguza. Baada ya kulizoea, mwili ulilegea na mambo yakabadilika. Boksi likawa kiti, likawa daraja, au mtoto akawa anazunguka chumba na kigari chake, na kila akilipita boksi anaipiga kengele.

Hutt aliyatenganisha matendo hayo mawili kwa maswali mawili. Anayechunguza anauliza, “Kitu hiki kinafanya nini?” Anayecheza anauliza, “Mimi nikifanyie nini kitu hiki?” Swali la kwanza linaongozwa na kitu, la pili linaongozwa na mtoto. Ubunifu hukaa zaidi kwenye lile la pili, lakini la pili haliji mpaka la kwanza liwe limeshibishwa.

Hapo tunaona tatizo la kwanza la makumbusho, nalo ni la muda. Familia ikipita kumbi nane kwa saa moja na nusu, mtoto hutumia muda wake wote kwenye swali la kwanza. Anabonyeza, anasikia mlio, anavutwa mkono kuelekea ukumbi unaofuata. Amechunguza vitu arobaini na hajacheza na hata kimoja. Wingi wa vitu nao huongeza mzigo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliwatazama watoto 36 wenye umri wa kati ya miezi 18 na 30, wakicheza mara moja kwenye chumba chenye vichezeo vinne na mara nyingine kwenye chumba chenye vichezeo 16. Vilipokuwa vinne, mtoto alikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na akakitumia kwa namna nyingi zaidi. Idadi ya watoto ni ndogo na umri wao ni mdogo, kwa hiyo si busara kuutanua utafiti huo kupita kiasi. Hata hivyo yeyote aliyewahi kumwaga kapu zima la vichezeo mbele ya mtoto anajua unachosema.

Fimbo inakuwa farasi, kadi haiwi

Kwa nini mtoto aache nyumba ya wanasesere iliyochongwa kwa ustadi mkubwa akachezee kamba? Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alilieleza jambo hili katika mhadhara wa mwaka 1933 kwa mfano wa fimbo. Mtoto anapopanda fimbo na kusema ni farasi, alisema Vygotsky, anajifunza kuitenga maana ya kitu na kitu chenyewe. Fimbo ni egemeo linalomsaidia kuliinua wazo la farasi likajitegemea, bila farasi kuwapo. Huo ni mwanzo wa kuwaza mambo yasiyo mbele ya macho. Lakini aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau: si kila kitu chaweza kuwa farasi. Fimbo yaweza, kadi ya posta haiwezi, kwa sababu haipandiki. Maana inayobuniwa hupita kwenye mwili, kwenye tendo la kukanyaga, kushika, kubeba na kukokota. Ukiiweka fimbo hiyo hiyo nyuma ya kioo, umeigeuza kadi ya posta.

Upande mwingine wa jambo hili unaonekana tukitazama umri. Mwanasaikolojia Karl Duncker, katika kazi iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1945, alionyesha jinsi watu wazima wanavyofungwa na matumizi ya kawaida ya kitu: wakipewa mshumaa, viberiti na kiboksi chenye pini ndani, na kutakiwa kuufunga mshumaa ukutani, hawakioni kiboksi kama kijukwaa cha kuuweka mshumaa, kwa kuwa wamekwisha kukiona kama chombo cha pini. Mwaka 2000 Tim German na Margaret Defeyter walilijaribu jambo hilo kwa watoto wa miaka mitano, sita na saba. Watoto walitakiwa kumsaidia kikaragosi kufika kwenye rafu ya juu kwa vitu walivyopewa, likiwamo boksi ambalo lingeweza kupinduliwa na kukanyagwa. Wale wa miaka sita na saba walichelewa kulitambua jibu pale boksi lilipoletwa likiwa limebeba vitu. Wa miaka mitano hawakujali; kwao boksi lililobeba vitu lilikuwa na uwezekano uleule wa boksi tupu.

Matokeo hayo hayana maana kwamba mtoto mdogo ni mbunifu kuliko mkubwa, kama inavyosemwa mara nyingi kwenye semina za malezi. Wa miaka saba anajua mambo mengi ambayo wa miaka mitano hayajui, na ubunifu mkubwa huhitaji ujuzi. Yanachoonyesha ni kwamba kujua “kitu hiki ni cha nini” kuna faida na kuna gharama, na gharama hiyo huanza kulipwa mapema, karibu na umri wa kuanza shule. Sasa fikiria lebo ya makumbusho, ambayo kazi yake yote ni kumwambia mgeni kitu hiki ni cha nini.

Vipande visivyokamilika

Wazo la kumpa mtoto vitu vilivyoachwa wazi lilikuwapo kabla ya saikolojia ya maabara. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua taasisi yake mjini Bad Blankenburg mwaka 1837 na baadaye kuiita bustani ya watoto, alibuni mfululizo wa vichezeo alivyoviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya sufu yenye rangi tofauti. Ya pili ilikuwa tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: mchemraba uliokatwa sawasawa kuwa michemraba midogo minane. Mtoto huupokea ukiwa mzima, anaubomoa, anajenga kiti, anabomoa, anajenga ngazi, kisha anaurudisha ulivyokuwa. Kitu kimoja kina uzima na vipande ndani yake, na safari kati ya hali hizo mbili ni ya mtoto. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright, ambaye mama yake alimnunulia zawadi hizo baada ya maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, aliandika uzeeni kwamba vipande vile vilibaki vidoleni mwake. Mfano huu hupendwa sana, na ni mzuri, ila tusisahau maelfu ya watoto waliochezea vipande vilevile wakawa makarani.

Hesabu nayo inasaidia kuona nguvu ya vipande. Matofali mawili ya plastiki ya kuchezea ya Lego yenye vishikizo vinane kila moja, ya rangi moja, huunganika kwa namna 24. Yakiwa sita, namna zinafika 915,103,765. Boksi linalouzwa na mchoro wa chombo kimoja cha angani humwomba mtoto aitafute namna moja tu kati ya hizo zote. Kufuata mchoro si kosa. Kunafundisha subira na kusoma picha. Kosa ni kuuita ubunifu.

Mwaka 1971 Simon Nicholson, mwana wa mchongaji Barbara Hepworth na mchoraji Ben Nicholson, aliyasema haya kwa nguvu zaidi katika nadharia ya vipande huru. Alidai kwamba kiasi cha uvumbuzi katika mazingira yoyote hutegemea idadi na aina ya vitu ambavyo aliyemo anaweza kuvibadilisha. Lawama yake ilikuwa kwamba wasanifu hujichukulia raha yote ya kubuni, wakamwachia mtoto kitu kilichokwisha. Carl Theodor Sørensen, msanifu wa mandhari wa Denmark, alikuwa amekwisha kulijaribu wazo la namna hiyo mwaka 1943 huko Emdrup, Copenhagen, nchi ikiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani: uwanja wa mbao chakavu, matofali na zana, ambamo watoto walijenga na kubomoa wenyewe. Alikuwa ameona kwamba watoto huvipenda viwanja vya ujenzi na jalala kuliko bembea alizowatengenezea.

Ushahidi unafika wapi

Mpaka hapa hoja inakwenda vizuri, na hapa ndipo makala nyingi huruka hadi kwenye hitimisho kwamba mchezo huongeza ubunifu na sayansi imethibitisha. Mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 1973 Jeffrey Dansky na Irwin Silverman waliwagawa watoto wa shule ya awali makundi: wengine walivichezea vitu kwa uhuru, wengine waliiga matendo ya mtafiti, na wengine walipaka rangi picha. Walipoulizwa vitu hivyo vyaweza kutumiwaje, waliocheza walitaja matumizi mengi zaidi yasiyo ya kawaida. Utafiti huo ulinukuliwa kila mahali. Mwaka 1987 Peter K. Smith na Susan Whitney waliurudia kwa tahadhari moja ya ziada, kwamba aliyewauliza watoto maswali hakujua nani alitoka kundi lipi. Tofauti ikatoweka. Inaelekea matumaini ya mtafiti wa awali yalikuwa yamejipenyeza kwenye maswali yake, pengine kwa kusubiri jibu sekunde chache zaidi au kutikisa kichwa kwa upole. Mwaka 2013 Angeline Lillard na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu mchezo wa kuigiza, na wakaona kwamba ushahidi uliopo haukutosha kuutaja mchezo huo kuwa ndicho kisababishi cha ubunifu.

Nadhani tatizo liko kwenye swali tunalouliza. Tunautaka mchezo utulipe baadaye, kama akiba ya benki: mtoto acheze leo, kesho alama za mtihani wa ubunifu zipande. Ila kile kilichotokea kwenye kamba ya foleni kilikuwa ubunifu tayari, palepale, chenye upya na chenye kufaa, kwa sababu mdogo wake aliamini kwamba pana lango na akataja jina. Makumbusho hayawezi kumwahidi mzazi kwamba mtoto atatoka akiwa mbunifu kuliko alivyoingia, na bango la mlangoni linaloahidi hivyo linapaswa kutiliwa shaka. Yanachoweza ni kuandaa mahali ambapo kubuni kunatokea mara nyingi, kunaonekana, na hakukatizwi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara yake ya 31, unautaja mchezo pamoja na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa, tena unavitaja kama haki, bila kudai faida yoyote.

Mkono wa mtu mzima

Kuna jambo moja ambalo ushahidi wake ni mzuri, nalo linahusu sisi wakubwa. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kichezeo cha mabomba chenye siri nne: bomba moja likivutwa linalia, kuna kitufe cha kuwasha taa, kuna sehemu ya muziki, na ndani ya bomba jingine kuna kioo cha kujitazama. Baadhi ya watoto walielezwa na mtu mzima kwa namna ya kufundisha: atawaonyesha kichezeo kinavyofanya kazi, watazame, kisha akavuta bomba likalia. Mbele ya wengine alilivuta kana kwamba ni kwa bahati mbaya, akashangaa. Walioachiwa kichezeo baada ya kufundishwa walilivuta lile bomba na kulivuta tena, wakagundua siri chache kuliko wenzao na kukiacha mapema zaidi. Walichofanya ni cha akili kabisa. Mtoto hufikiri kwamba kama mwalimu anakijua kitu na ameonyesha jambo moja, basi hakuna la pili, lingekuwapo angelionyesha.

Sentensi ile, “nitakuonyesha kinavyofanya kazi”, ndiyo sentensi ya lebo, ya mwongozaji wa ziara, na ya baba aliyeinama mbele ya meza ya vipande. Haina ubaya popote pale ambapo lengo ni mtoto ajue jambo moja kwa uhakika. Pale ambapo lengo ni abuni, inaufunga mlango. Tuzo nazo hufanya kazi kama hiyo: mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha kwamba watoto wapenda kuchora, walipoahidiwa cheti chenye nyota kwa kuchora, baadaye walichora kwa karibu nusu ya muda wa wale ambao hawakuahidiwa kitu. Vijitabu vya makumbusho vinavyogongwa mhuri kila ukumbi na kuishia na zawadi mlangoni vingefaa kufikiriwa upya kwa jicho hilo.

Majumba yaliyojaribu

Makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, New York, Desemba 1899. Boston yalifuata mwaka 1913 na Indianapolis mwaka 1925, ambayo sasa ndiyo makubwa kuliko yote ya aina yake. Hata hivyo mageuzi makubwa yalikuja baadaye, pale Michael Spock alipokuwa mkurugenzi wa makumbusho ya watoto ya Boston mwaka 1962. Spock, mwana wa daktari wa watoto mashuhuri Benjamin Spock, alikuwa ametaabika na kusoma alipokuwa mtoto, na makumbusho yalikuwa mahali alipojifunza bila kitabu. Aliyafungua makabati, akaweka vitu vya kawaida vilivyokatwa katikati watoto waone ndani, na akawaruhusu washike. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua makumbusho ya sayansi ya Exploratorium mjini San Francisco kwa moyo huohuo, akisema kwamba makumbusho ni mahali ambapo hakuna mtu anayefeli.

Bahati mbaya ni kwamba wengi walioiga waliiga kifaa wakaacha wazo. Vitufe vikajaa. Mtoto anabonyeza, taa inawaka, sauti inaeleza, basi. Hilo ni swali la kwanza la Hutt lenye jibu moja, na skrini ya kugusa mara nyingi ni kitufe kilekile kilichopakwa rangi. Kipimo rahisi ni hiki: je, watoto wawili waliotumia kifaa hicho wanaweza kuacha nyuma yao vitu viwili tofauti?

Kwa upande wa majumba ya vichezeo vya kale, mfano wa kutazamwa ni Bethnal Green, mashariki mwa London. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1872, likawa makumbusho ya utoto mwaka 1974, na kwa miaka mingi lilisifika kwa safu za makabati ambayo wazazi waliyapenda kuliko watoto. Lilifungwa, likafanyiwa ukarabati ambao watoto walishirikishwa kuupanga, na Julai 2023 likafunguliwa kwa jina la Young V&A, yaani tawi la watoto la makumbusho ya Victoria and Albert, likiwa na kumbi tatu zilizopewa majina ya kucheza, kuwaza na kusanifu. Vitu vya zamani vimebaki, ila vimepangwa vikizungukwa na mambo ya kufanya.

Na huko Rochester, New York, makumbusho ya mchezo ya The Strong, yaliyoanzia kwenye mkusanyo mkubwa wa wanasesere wa Margaret Woodbury Strong, yanahifadhi orodha ya heshima ya vichezeo. Mwaka 2005 iliingizwa humo boksi tupu la karatasi ngumu, mwaka 2008 fimbo, mwaka 2011 blanketi, na mwaka 2021 mchanga. Wapo walioona ni kichekesho. Mimi naona ni ukiri wa haki, tena wenye ujasiri, wa watu wanaohifadhi vichezeo vya viwandani kwa maelfu.

Kioo hakiwezi kuondolewa chote

Isidhaniwe kwamba dawa ni kuvunja makabati. Jasho la vidole lina chumvi na mafuta yanayokula bati na kuchafua nguo. Mwanga hufifisha rangi. Kiungo cha mwanasesere wa miaka mia moja hukatika kwa mvuto mmoja. Zaidi ya hapo, vichezeo vingi vya kale vilipakwa rangi zenye madini ya risasi, kwa hiyo kioo humlinda mtoto kama kinavyokilinda kichezeo. Vipande huru navyo vina masharti yake. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, viwango vya usalama hutumia silinda ya upana wa milimita 31.7: kipande kinachoingia chote humo ni hatari kwa koo. Vipande huhitaji kuoshwa, huvunjika, na huondoka mifukoni.

Kinachowezekana ni kupunguza umbali kati ya kioo na mkono. Gari la bati likae kabatini, katika usawa wa macho ya mtoto wa miaka minne na si ya baba yake, na chini ya kabati hilohilo pawe na magurudumu, ekseli, vibao na mteremko. Lebo itaje jina na mwaka, na ifupishwe hapo. Habari ndefu za kiwanda ziwekwe pembeni kwa mzazi anayezitaka. Sipendekezi lebo za maswali, ambazo siku hizi ni mtindo, kwa sababu nyingi ni mitihani iliyovaa nguo za mchezo: “Unadhani kichezeo hiki kilitengenezwa kwa nini?” ina jibu moja, na mtoto anajua kwamba kuna mtu analijua. Mhudumu wa ukumbi afundishwe jambo gumu kuliko yote katika kazi yake, yaani kukaa karibu bila kusema kitu hadi aombwe. Na kuwe na viti vya wazazi, vyenye kuegemea, kwa kuwa mzazi aliyechoka miguu ndiye anayemvuta mtoto kuelekea mlangoni wakati swali la pili linaanza kuja.

Jambo la mwisho ni la saa ya kufunga. Kanuni ya kawaida ni kubomoa kila kitu, kupanga vipande kwa rangi na kufunga vikapu, ili asubuhi ukumbi uwe nadhifu. Mtoto anayeingia wa kwanza hukuta meza tupu isiyo na dalili ya mtu mwingine. Inafaa walau meza moja iachwe ilivyo usiku kucha, na mnara wake uliopinda, na boksi lililotobolewa madirisha na mtu asiyejulikana. Anayeukuta mnara huo asubuhi ana mambo mawili mbele yake, kuuendeleza au kuuangusha. Wengi huuangusha kwanza, wakatazama pembeni kuona kama kuna mtu atasema kitu, kisha wakaketi na kuanza na kile kipande cha chini kabisa.